Shajara ya Mradi: Aljebra Ndani ya Kalkulasi

Oktoba, kabla ya masomo kuanza

Mradi wenyewe ni kozi ya daraja ya hisabati kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza: muhula mmoja, kuanzia aljebra mpaka mlangoni mwa integrali. Chuo chetu kiko Tanga na kinapokea watu wa kila namna. Wapo waliotoka PCM (fizikia, kemia, hisabati) na EGM (uchumi, jiografia, hisabati), waliosoma hisabati ya juu kidato cha tano na cha sita. Wapo wa PCB na CBG, michepuo ya biolojia, waliopitia BAM, ile hisabati ya msingi, somo ambalo wengi wao walilisoma kwa jicho moja huku jingine likiwa kwenye biolojia. Wapo pia waliokuja na stashahada, ambao baadhi yao hisabati waliiaga siku walipotoka chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Wote hao wanaingizwa ukumbi mmoja na kupewa kozi ile ile ya kalkulasi. Sapu za mwisho wa mwaka, yaani mitihani ya marudio, hazimshangazi mtu.

Mkuu wa idara amenikubalia saa mbili za ziada kwa wiki na fungu dogo la kudurufu karatasi. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa vyuo vingine wanaofikiria kufanya jambo kama hili, nao wataona wenyewe cha kuchukua na cha kuacha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupitia karatasi za majibu za miaka iliyopita. Nilikuwa natafuta mahali wanapokwamia kwenye limiti (namba ambayo thamani inaikaribia) na derivativu (kasi ya mabadiliko, yaani mteremko wa grafu). Nilichokuta ni kwamba huko hawakwami. Chukua swali hili la kawaida: tafuta derivativu ya (x² + 1)/x. Mwanafunzi anaikumbuka kanuni ya kugawanya na kuiandika bila kosa: (2x·x − (x² + 1))/x². Hapo kalkulasi imekwisha, na alama zake kazipata. Mstari unaofuata anafungua mabano: (2x² − x² + 1)/x². Ile alama ya kutoa iligusa x² tu, 1 ikaponyoka. Jibu lake ni (x² + 1)/x² badala ya (x² − 1)/x². Anaulizwa grafu inageukia wapi, anaandika x² + 1 = 0, anaona haina jibu katika namba halisi, anahitimisha kwa kujiamini kwamba grafu haigeuki popote. Kumbe inageuka pawili, kwenye 1 na kwenye −1.

Karatasi baada ya karatasi ni hivyo hivyo: mstari wa kalkulasi uko sawa, mstari wa aljebra chini yake umevunjika.

Oktoba, baada ya jaribio la mwanzo

Nimewapa wapya jaribio fupi lisilo na alama. Fungua (x + 3)². Rahisisha (x² + 5x)/x. Kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni ngapi? Jumlisha 1/2 na 1/x.

Majibu yanafanana mno, utadhani wamekaa meza moja. (x + 3)² imekuwa x² + 9. Kwenye (x² + 5x)/x wamekata x moja juu na moja chini, ikabaki x² + 5. Kipeuo cha 9 + 16 kimekuwa 7, maana 3 na 4 ni 7. Nusu jumlisha 1/x imekuwa 2/(2 + x). Hata wa PCM wamo, ingawa wachache. Na ukimwuliza mtu ana kwa ana, anakutajia kanuni sahihi bila kusita. Tangu kidato cha pili ameimba kwamba a jumlisha b, yote mraba, ni a mraba jumlisha mbili ab jumlisha b mraba. Kalamu ikishika karatasi, kanuni inabaki mdomoni.

Hapa ndipo tulipotofautiana na Dokta, mkubwa wangu wa kazi, aliyefundisha kozi hii kabla sijaajiriwa. Yeye anataka nusu ya kwanza ya muhula iwe aljebra tupu: mabano, sehemu, vipeo, milinganyo, kisha funksheni, kisha trigonometria, na kalkulasi ndiyo ifuate. Hoja yake si ya kupuuza. Anasema huwezi kumpa mtu derivativu hali ya kuwa hajui kujumlisha sehemu. Mimi nilimjibu kwamba watoto hawa wameshafundishwa mabano mara nyingi kuliko anavyokumbuka yeyote kati yetu, kwa mpangilio huo huo na kwa ubao huo huo. Kukosea mabano kwenye zoezi la mabano hakuna hasara yoyote: unapata kosa jekundu, unageuza ukurasa. Ninachotaka ni wakosee mahali ambapo kosa lina madhara na wao wenyewe wanayaona.

Kwa hiyo mpango wangu unaanzia kwenye kasi, siku ile ya kwanza. Aljebra itaitwa pale inapohitajika, na itakaa hapo mpaka imalize kazi yake. Dokta amekubali kwa muhula mmoja. "Ila sapu zikija, usinitafute," amesema.

Novemba, mwanzoni: dafu

Kipindi cha kwanza tulikifanyia nje, nyuma ya bweni, kwenye minazi. Mkwezi anayetuuzia madafu pale alikubali kuangusha moja moja, kwa sharti kwamba tuyanunue yote, hata yatakayopasuka. Watu wote tuliwasogeza mbali. Kijana mmoja alishika simu kurekodi video. Kabla ya yote tulipima urefu kwa vivuli: fimbo ya mita 1 ilitoa kivuli cha sentimita 80, mnazi ukatoa kivuli cha mita 9.6, kwa hiyo kilele kiko mita 12. Madafu huning'inia chini ya makuti, tukakadiria mita 11 kutoka ardhini. Huo ulikuwa uwiano wa pembetatu, na hakuna aliyelalamika kwamba ni mada ya kidato cha pili.

Simu ile inapiga picha 30 kwa sekunde. Wakaisogeza video picha kwa picha, wakabishana kama ni 45 au 46 tangu dafu liachiwe mpaka liguse mchanga. Tukachukua 45, yaani sekunde 1.5. Fizikia inasema umbali wa kitu kinachoanguka ni 4.9t², ukiacha upinzani wa hewa ambao kwa dafu na urefu ule ni mdogo. Weka 1.5: mita 11.025. Walishangilia kana kwamba Coastal Union wamefunga goli.

Anayetaka kuliiga zoezi hili aangalie jambo moja. Usichague mnazi wa sekunde 2. Kwa t = 2, umbali ni mita 19.6 na kasi nayo ni mita 19.6 kwa sekunde. Namba ni moja kwa vitu viwili tofauti, na nusu ya darasa itaondoka ikiamini kwamba umbali na kasi ni kitu kimoja.

Swali likawa: wakati linagonga mchanga, dafu lilikuwa na kasi gani? Kasi ya wastani wa safari nzima kila mtu anaijua: 11.025 gawa kwa 1.5, mita 7.35 kwa sekunde. Lakini dafu lilianza polepole, kwa hiyo chini lazima kasi iwe kubwa zaidi. Tukajifanya ardhi haipo, dafu linaendelea kushuka, tukakokotoa wastani wa vipande vifupi baada ya sekunde 1.5. Kutoka 1.5 hadi 1.6: 15.19. Kutoka 1.5 hadi 1.51: 14.749. Hadi 1.501: 14.7049. Ukumbi mzima uliiona namba inakoelekea kabla sijataja neno limiti.

Kisha nikawaomba waifanye kwa herufi, kipande kiitwe h. Kasi ya wastani ni 4.9 mara ((1.5 + h)² − 1.5²), yote gawa kwa h. Nikazunguka madawati nikiangalia. Nilichokitarajia nilikikuta: kijana mmoja aliyetoka stashahada ya umeme ameandika (1.5 + h)² = 2.25 + h². Akatoa 2.25, ikabaki h². Akagawa kwa h, akabaki na 4.9h. Akaiacha h iende sifuri. Jibu: sifuri.

Sikumwambia amekosea. Nilimwuliza jibu lake linasema nini kuhusu dafu.

Akaliangalia kidogo. "Linasema limesimama." Halafu akacheka mwenyewe. "Madam, kwa hiyo limegoma kushuka?"

Nikamwita ubaoni. Akajaribu kwa namba: 1.6 mara 1.6 ni 2.56, wakati njia yake inatoa 2.26. Zimepotea 0.3. Wapi? Nikamwambia achore mraba wa upande 1.5, kisha aurefushe kwa h pande mbili. Akachora. Unaona mraba wa zamani, unaona utepe mmoja wa 1.5 kwa h juu, utepe mwingine wa 1.5 kwa h ubavuni, na kwenye kona kijiraba cha h kwa h. Yeye alikuwa amehesabu mraba wa zamani na kile kijiraba cha kona, tepe mbili ndefu akazisahau. Sasa gawa kwa h na uiache h ipungue: tepe mbili zinatoa 2 mara 1.5, yaani 3, na ukizidisha kwa 4.9 unapata 14.7. Kijiraba cha kona kinatoa h, ambayo inakufa.

Hapo ndipo penyewe. Alichokitupa ndicho kasi yote ya dafu. Alichokibakiza ndicho kinachotoweka. Katika zoezi la mabano, 2ab ni kipande cha katikati ambacho mwalimu anakidai. Hapa, 2ab ndiyo derivativu. Sijawahi kuona mtu akiisahau tena baada ya kuiona ikifanya kazi hiyo, ingawa naandika haya bado mapema na nitaangalia kwenye testi.

Mita 14.7 kwa sekunde ni kama kilomita 53 kwa saa, zaidi ya mwendo unaoruhusiwa gari kwenye makazi ya watu. Mkwezi alipoambiwa alisema yeye alilijua hilo bila hesabu, ndiyo maana halali chini ya mnazi.

Novemba, wiki iliyofuata: h ni sifuri au si sifuri?

Swali lilitoka kwa binti wa PCB, na lilinifurahisha. Tunapogawa kwa h, tunasema h si sifuri, maana kugawa kwa sifuri ni marufuku. Mstari wa chini yake tunasema h ni sifuri na kuifuta. Akauliza ni lipi kati ya hayo mawili, na kama yeye angeandika hivyo kwenye mtihani wa aljebra angepewa alama.

Nilimwambia yuko na wenzake. Mwaka 1734 askofu George Berkeley wa Ireland aliwarushia swali hilo hilo wafuasi wa Newton, kwa maneno makali, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na jibu safi. Leibniz alikuwa ameshachapisha kanuni zake tangu 1684, watu walikuwa wanakokotoa mizunguko ya sayari kwa kutumia mbinu ambayo msingi wake ulikuwa na tundu. Cauchy alianza kuliziba mwaka 1821, na Weierstrass akalimalizia baadaye katika karne hiyo ya 19: h haifiki sifuri kamwe, tunachodai ni kwamba thamani inaweza kukaribia 14.7 kwa kiasi chochote utakachotaja, mradi h iwe ndogo vya kutosha. Ukinitajia 0.001, nakupa h iliyo chini ya 0.0002 na kazi imekwisha, kwa sababu 4.9 mara 0.0002 ni 0.00098.

Epsiloni na delta zenyewe, yaani mchezo huo ulioandikwa rasmi kwa herufi, sitazifundisha. Walimu wenzangu wa hisabati tupu watanuna, lakini mtu wa uhandisi wa maji mwaka wa kwanza anahitaji mchezo ule wa "taja kiasi, nikupe h", na zile herufi za Kigiriki zitamkuta mbele kama atazifuata.

Novemba, katikati: kodi na makato

Mwendelezo wa funksheni vitabuni hufundishwa kwa penseli isiyonyanyuliwa kwenye karatasi. Nimetumia kitu kinachowauma zaidi: kodi ya mshahara, ile ya PAYE, ya Tanzania Bara. Tangu Julai 2021 mtu mwenye mshahara wa mwezi unaotozwa kodi usiozidi shilingi 270,000 halipi. Juu ya hapo mpaka 520,000 analipa asilimia 8 ya kilichozidi 270,000. Kutoka hapo mpaka 760,000 ni shilingi 20,000 na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Mpaka 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya kilichozidi milioni.

Nikawauliza kwanza kwa mdomo: mtu anapata 760,000, bosi anamwongeza 40,000, anaingia kundi la asilimia 25. Mkononi atapata zaidi au pungufu? Wengi walisema pungufu. Imani hiyo iko mitaani kote, na nimewahi kumsikia mfanyakazi akiomba asipandishwe. Tukakokotoa. Kwa 760,000 kodi ni 68,000, anabaki na 692,000. Kwa 800,000 kodi ni 68,000 jumlisha robo ya 40,000, yaani 78,000. Anabaki na 722,000. Nyongeza imempa 30,000.

Zile 20,000, 68,000 na 128,000 ndizo zinazoshona vipande. Asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000 kamili, na kipande kinachofuata kinaanzia hapo hapo. Funksheni ni endelevu. Ila kwenye kila mpaka ina kona: kushoto kwa 760,000 mteremko ni 0.20, kulia ni 0.25, kwa hiyo pale pale derivativu haipo. Endelevu bila derivativu, na mtu hajataja thamani kamili ya x, ule mfano wa vitabuni.

Kwa upande wa pili nikawapa makato ya kutoa pesa kwa wakala. Yale yamepangwa kwa ngazi: ukivuka mpaka kwa shilingi moja, makato yanaruka. Hiyo si endelevu, na kila mwanachuo anaijua kwa vitendo, maana bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, likiingia huwaona wanatoa kiasi kilicho chini kidogo ya ngazi. Wamekuwa wakichunguza limiti ya kushoto bila kuambiwa.

Aljebra iliyoitwa hapa: kufungua 0.25(x − 760,000) na kukusanya. Wengi walipata 0.25x − 760,000, wakasahau kuzidisha namba ya pili. Kodi ya mwenye 800,000 ikatoka hasi laki nne na zaidi, yaani yeye ndiye anayeidai serikali. Waliibaini wenyewe kabla sijafika dawatini.

Desemba, kabla ya likizo

Trigonometria imekwenda kwa kasi na sina mengi ya kusema. Jambo moja tu: sin x gawa kwa x, x ikielekea sifuri. Nusu ya ukumbi ulipata 1, nusu ukapata 0.01745. Mzozo ulikuwa mkubwa mpaka mtu akagundua kwamba vikokotoo vya kundi la pili viko kwenye digrii. Namba hiyo ni 𝜋 gawa kwa 180, na ndiyo sababu kalkulasi inadai radiani, kile kipimo kingine cha pembe: kwenye digrii, kila derivativu ya sin ingeburuza 0.01745 nyuma yake. Hiyo saa iliyopotea kwenye mzozo siijutii.

Logarithimu, kinyume chake, zimenitaabisha. Wanazijua kama safari ya kwenye kitabu cha majedwali: tafuta safu, soma namba nne, jumlisha tofauti, rudi kwenye antilogi. Kwamba logi ni funksheni, yenye grafu na mteremko, hilo ni jipya kabisa kwao.

Nikaleta mikopo ya kausha damu. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, usipolipa inaunganishwa na deni. Laki moja itakuwa laki mbili lini? Wengi walijibu miezi kumi, maana kumi mara kumi ni mia. Tukaandika 1.1 kwa kipeo n sawa na 2, na hapo n iko juu, huwezi kuishusha kwa kugawa wala kwa kutafuta kipeuo. Logi ndiyo chombo pekee kinachoishusha: n ni log 2 gawa kwa log 1.1. Majedwali ya shule yanasema 0.3010 na 0.0414. Jibu ni 7.27. Mwezi wa nane deni limeshapita maradufu, na baada ya mwaka laki moja ni kama 313,800.

Kosa la aljebra lililojitokeza: log 2 gawa kwa log 1.1 ikageuzwa kuwa log 2 kutoa log 1.1. Kwa njia hiyo n ni 0.26, yaani deni linaongezeka maradufu ndani ya siku nane. "Hata hao kausha damu hawajafika huko," alisema mmoja. Kanuni ya kutoa ni ya log ya mgao, si mgao wa log. Nimewaandikia hilo kwenye karatasi ya kuchukua nyumbani.

Testi ya kati imefanyika. Kufungua mabano ndani ya limiti, wengi sana wamepata, hata wale wa stashahada. Kurahisisha sehemu zenye x chini, bado. Inaonyesha dafu lilifanya kazi yake na hakuna kilichofanya kazi hiyo kwa sehemu. Dokta ameziona karatasi, amekubali nusu ya kwanza na kutabasamu kwenye nusu ya pili.

Januari: ndoo

Kwa hiyo nimetafuta swali ambalo sehemu yenye herufi chini haikwepeki. Ndoo ya lita 20 isiyo na mfuniko, ya bati. Tunataka bati litumike kidogo iwezekanavyo. Ujazo ni πr²h, eneo ni πr² + 2πrh. Ukiiondoa h, eneo linakuwa πr² + 40/r, vipimo vikiwa desimita. Derivativu yake ni 2πr − 40/r².

Hapo sasa. 2πr = 40/r². Wapo waliozidisha upande mmoja tu kwa r². Wapo waliopata r hasi, wakaambiwa wakashone ndoo hiyo waniletee. Tulikaa kwenye mstari huo mmoja karibu kipindi chote, na sikuharakisha. Mwisho wake r³ = 20/π, r ni kama desimita 1.85, na h ukiikokotoa inatoka ile ile: 1.85. Ndoo bora ina kimo sawa na nusukipenyo, sentimita 18 na nusu, na mdomo wa sentimita 37.

Mtu akasema hilo ni karai. Ni kweli. Tukaanza kuulizana kwa nini ndoo hazitengenezwi hivyo, na majibu yao yalikuwa mazuri kuliko swali langu: karai la maji huwezi kulibeba kichwani kutoka bombani bila kuloa, na mpini wa katikati hauna nguvu kwenye mdomo mpana. Hesabu ilipunguza bati, haikuambiwa kuhusu shingo ya mtu. Ukiongeza sharti la mdomo usiozidi sentimita 30, jibu linahamia pembeni ya eneo linaloruhusiwa, na hapo derivativu si sifuri. Hiyo ni mada ya kozi nyingine, ila wameshaigusa.

Zoezi la kwenda nalo: pipa lenye mfuniko, ujazo mita 1 ya ujazo. Huko h inatoka sawa na 2r, na eneo ni kama mita za mraba 5.54.

Februari: integrali, kwa haraka

Muhula umetubana. Tumepata vipindi vichache kwa integrali, na nimevitumia kwa jambo moja: kujumlisha vipande. Kwenye gari la chuo, mwanafunzi aliyekaa mbele alisoma spidomita kila dakika kwa dakika kumi: 0, 30, 45, 50, 50, 40, 20, 50, 60, 50, 0. Kila kasi ukiipa dakika moja, jumla ni 395, gawa kwa 60, kilomita 6.58. Odometa ilisema 6.4. Tofauti imetoka wapi? Matuta. Dereva alikuwa anapunguza kati ya usomaji mmoja na mwingine, nasi hatukuona. Wakasema wenyewe kwamba dawa ni kusoma kila nusu dakika, kisha kila sekunde kumi. Wazo la integrali ni hilo, na uhusiano wake na derivativu nimeuonyesha kwa dafu tu: jumlisha kasi 9.8t, unarudi kwenye 4.9t².

Mbinu za kuintegreti hatukufika. Zitafundishwa kwenye kozi kubwa, na sina wasiwasi nazo sana kama nilivyo na wasiwasi na sehemu.

Februari, hali ya mradi

Karatasi za mazoezi ziko tayari, zimechapwa na kusahihishwa, isipokuwa ya logarithimu, ambayo nitaiandika upya kuanzia kwenye grafu badala ya majedwali. Swali la ndoo linahamishwa mapema, mwezi wa Novemba, mara tu baada ya kodi, ili sehemu zenye herufi chini zipate muda mrefu zaidi. Trigonometria itapunguzwa kipindi kimoja.

Dokta anataka muhula ujao tugawane: yeye afundishe kundi moja kwa mpango wake, mimi jingine kwa wangu, wote wafanye testi moja iliyotungwa na mtu wa tatu. Nimekubali. Tumeshampata mtungaji, mwenzetu wa idara ya takwimu, ambaye ameshaanza kulalamika kwamba makundi hayajagawanywa kwa bahati nasibu. Jumatatu tunakaa naye kupanga majina. Kisha natakiwa kumwona mkwezi, maana ule mnazi wa mita 12 umeshavunwa na itabidi tupime mwingine.